Binti kaninunulia gari la oto, mguu wangu bado unatafuta klachi

Shangazi, assalaam alaykum.

Mie ni mzee wa miaka 61, naishi Tanga mjini, upande wa Makorora. Maisha yangu yote ni usukani. Nilianza utingo kwenye malori ya mashamba ya mkonge, nikaonwa na dereva mmoja, akanifundisha, nikapewa lori, nikaendesha mpaka nilipostaafu. Mafao yangu nilinunulia Hilux ya dizeli, ya zamani, gia tano, manyuo. Ndiyo inayonilisha mpaka leo. Msimu wa machungwa nabeba kutoka Muheza, msimu ukiisha napanda Amani kufuata iliki na ndizi. Hilo gari nalijua kwa sauti. Nikiwa chumbani, kijana akiliwasha uani, naweza kukwambia limelala usiku kucha au lilishatoka alfajiri.

Sasa binti yangu mkubwa ni muuguzi, yuko Dodoma. Miezi miwili iliyopita alikopa SACCOS ya kazini kwake, akaagiza Toyota IST kutoka Japani, ikashuka Dar es Salaam, akamlipa dereva akaileta mpaka mlangoni kwangu. Ufunguo umefungwa utepe mwekundu. Mama watoto akapiga vigelegele, majirani wakatoka. Mie nikasema alhamdulillahi, nikalizunguka gari, nikafungua mlango wa dereva, nikaona pedeli mbili. Moyo ukashuka. Binti yuko kwenye simu ananitazama kwa video, nikajitahidi kutabasamu.

Shangazi, siwezi kuliendesha. Naona haya hata kuandika. Siku ya kwanza nampeleka mama watoto sokoni Ngamiani, mbele kuna mtu wa baiskeli kakata njia, nikataka kupunguza mwendo, mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kukanyaga klachi kama ulivyozoea, kwa nguvu. Klachi hakuna, kuna breki, nayo pana kama sinia. Gari likasimama wima. Mama watoto paji la uso likapiga dashibodi, bodaboda nyuma yetu akapita upenuni anatutukana. Siku ya pili niko nje ya nyumba narudi nyuma, jirani kanisalimia, nikaachia breki nimjibu. Kwa gari langu ukikaa klachi chini, gari limetulia. Hili likaanza kutambaa lenyewe, polepole kama mtu anayenyata, mpaka likafika kwenye kibaraza cha jirani na kulalia karai la mihogo ya kukaanga. Mafuta ya moto yakamwagika, Mungu akasaidia hakukuwa na mtoto pale. Bampa limeingia ndani.

Tangu hapo barazani sina amani. Wananiita Kapteni wa IST. Wanasema mzee kaendesha lori la tani kumi, kashindwa na gari la akina mama. Na mie kwa kweli naona hili si gari la dereva. Unaliwasha, unaliweka D, kazi imekwisha, umekuwa abiria uliyekaa kulia. Likiharibika giaboksi nani Tanga analijua? Betri ikifa huwezi hata kulisukuma likawaka. Mlimani litanifanya nini?

Tatizo kubwa ni hili. Binti anataka Hilux iuzwe. Anasema baba umechoka, pumzika, hela itasaidia kupunguza ule mkopo. Yupo mfanyabiashara wa machungwa ameshatoa bei, anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mama watoto yuko upande wa binti. Kijana wangu wa miaka 19 hataki iuzwe, anataka nimfundishie hiyo. Na mwezi ujao kuna harusi ya mpwa wangu Lushoto, binti atakuja, anategemea niwapeleke wote na IST, akae mbele na baba yake.

Nikikataa kuuza nitamvunja moyo mtoto aliyekopa kwa ajili yangu. Nikiuza, naona kama nimejizika. Wamenunua gari, wamepanga niuze langu, hakuna aliyeniuliza. Goti la kushoto kweli linanisumbua, likivimba nalikanda, na mara mbili huko juu ya Kisiwani, njia ya Amani, liligoma kushusha klachi, lakini hilo ni la umri, kila mtu analo.

Nifanyeje, Shangazi? Jina langu usiliandike, Tanga ndogo.

Mzee wa Gia Tano, Tanga

*

Waalaykum salaam, kaka yangu Gia Tano. Nakuita kaka maana miaka hatujapishana sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilicheka kwenye mihogo. Mara ya tatu nilifika pale Kisiwani, kicheko kikakata.

Ngoja nikurudishie nilivyokuelewa, unisahihishe nilipokosea. Umepewa zawadi kubwa na mtoto unayempenda, na zawadi hiyo imekuja na maneno yasiyosemwa: baba, umezeeka. Kazi iliyokupa jina tangu ujana imefungwa utepe mwekundu ikawekwa mlangoni ikiwa imepungua pedeli moja. Watu wa nyumbani wanashangilia, wa barazani wanacheka, na katikati yao wote hakuna aliyekukalisha chini akakuuliza unataka nini. Hasira hiyo naielewa. Nami ingenipanda.

Lakini kaka, tazama ulivyoipanga barua yako. Breki, karai, bampa, D, betri, yote hayo umeyaeleza kirefu. Goti ukalipa sentensi moja mwishoni, tena ukaifunika na umri. Mimi nimeendesha njia ile ya Muheza kwenda Amani, najua ukishapita Kisiwani kunavyopanda, kona juu ya kona, udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha, na upande mmoja ni korongo lenye miti mirefu huoni chini. Mguu kugoma kushusha klachi mahali pale, una tani ya ndizi nyuma, si sawa na kugoma hapo Makorora. Mara mbili, umesema. Nani mwingine anajua? Utingo wako alikuwa ndani? Mama watoto umemwambia? Maana nawaza: huenda binti hakuamka tu Dodoma akaamua baba achoke. Muuguzi akisikia kwa mama yake kwamba baba anakanda goti kila usiku, anaona jambo ambalo wewe unalipita. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Wewe unaweza kumuuliza.

Tuyaguse ya gari kwanza, maana mengine umeyashika kweli na mengine umeyashika vibaya, na uamuzi wako usisimame juu ya yale mabaya.

Mguu wako wa kushoto haujashindwa kuendesha. Umefanya kile ulichoufundisha kwa miaka zaidi ya thelathini, bila kukuuliza, na ndiyo maana ya udereva mzuri: mguu unajua kabla ya kichwa. Madereva wengi waliotoka kwenye manyuo wanapitia hapohapo kwenye breki ile pana, wengine kwa aibu kubwa kuliko yako. Kwenye oto mguu wa kulia peke yake ndio unafanya kazi, mafuta na breki. Wa kushoto unaukunja nyuma kidogo, chini ya kiti, uwe mbali hata ukitaka kwenda. Kule kutambaa nako kupo kwenye maumbile ya gari hilo: likiwa kwenye D au R injini inawaka, mafuta yanayozunguka ndani ya giaboksi yanasukuma magurudumu hata kama hujakanyaga kitu. Kwa hiyo salamu za jirani zinajibiwa mguu ukiwa juu ya breki, au ukishavuta handbreki na kuweka P. Jifunzie asubuhi ya Jumapili mahali pa wazi, kijana wako akiwa pembeni. Naye atajifunza kitu: kumwona baba yake akijifunza.

Hilo la "gari la akina mama" ndilo lililonikera, na si kwa ajili yako. Waambie hao wa barazani kwamba General Motors ya Marekani ilitoa Oldsmobile zenye giaboksi inayojibadilisha yenyewe, iliyoitwa Hydra-Matic, kwenye magari ya mwaka 1940. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, giaboksi hiyohiyo ikafungwa kwenye vifaru vyepesi vya jeshi lao, vya M5. Wakuambie kama na vile vilikuwa vya akina mama. Na hao madereva wa malori mapya ya Ulaya unaokutana nao Segera, waulize wangapi bado wana klachi ya kukanyaga. Isitoshe, mimi ni mwanamke na nimepanga na kupangua gia za Land Rover mpaka kiganja kikaota sugu, kwa hiyo tuishie hapo.

Kuhusu betri, hapo una haki kabisa. Manyuo unasukuma, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Oto halikubali, kwa sababu pampu inayosukuma mafuta ndani ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna nguvu ya kuunganisha magurudumu na injini, utasukuma mpaka Pongwe. Weka waya za kubusti betri kwenye buti, basi. Na likikwama usikubali livutwe na kamba magurudumu ya mbele yakiburuzwa, huko ndiko giaboksi nyingi zinakokufa. Kuhusu fundi, uko nusu sahihi. Sahani ya klachi inabadilishwa chini ya mwembe wowote. Giaboksi ya oto ikifa mara nyingi huwa ni kutafuta nyingine ya mtumba na kufunga nzima, na hela yake si ya mchezo. Ila zinauawa mara nyingi na oili isiyo yake. Soma kitabu cha gari au ufito wa kupimia, na fundi akikwambia "zote sawa tu", ondoa gari lako hapo.

Mlima nao. Kupanda sikuhofii, kushuka ndiko. Toka Lushoto kuja Mombo ni mteremko mrefu wenye kona, na dereva wa oto asiyejua huliacha kwenye D akashika breki njia nzima mpaka zinanuka. Wewe tangu utingo unajua kwamba mlima unashukwa na gia uliyopandia. Sasa tazama chini ya herufi D kwenye hilo gari: nyingi za aina hiyo zina 2 na L, nyingine zina S au B. Hizo ni za kupangua. Unaiweka 2 kabla ya mteremko, injini inalishika gari, unasikia mngurumo ule unaoujua. Na tafadhali usiachie fri kwa kudhani unaokoa mafuta. Injini za siku hizi zikiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta zinajikatia mafuta zenyewe, ukiweka N ndipo zinapoanza kuyanywa. Umeandika kwamba kwenye oto umekuwa abiria. Lakini gari hilo halioni kona iliyo mbele, halijui kwamba baada ya Soni kuna lori limebeba kabichi linapanda katikati ya barabara. Anayejua ni wewe.

Haya. Nimesema mengi ya IST, usije ukadhani nakusukuma uuze Hilux. Sikusukumi popote.

Ukiiuza, mkopo wa binti unapungua na mama watoto analala. Lakini riziki yako ya machungwa na iliki itapita wapi? IST haibebi magunia. Barua yako haisemi utaishi kwa nini baada ya hapo, na sidhani binti amelipigia hesabu. Hilo ni swali la pesa kabla halijawa la heshima, na linaweza kuzungumzwa kwa kalamu na karatasi bila mtu kulia.

Ukiibakiza na kuendelea kama zamani, goti halitaondoka kwa kuwa hulitaji. Nenda hospitali ya Bombo likapigwe picha ujue ni nini, ni kusagika kwa mfupa au kingine, na umwambie daktari hilo la Kisiwani, usimwambie la umri. Na Hilux nayo ikapimwe. Klachi ikianza kuchoka hukaza. Mara nyingi huwa ni sahani ya kukandamiza imechakaa. Inawezekana unapigana na pedeli nzito kuliko inavyotakiwa kuwa. Sisemi ndiyo sababu. Nasema fundi akilala chini ya gari nusu saa utajua, na hujui mpaka sasa.

Ipo njia ya katikati: kijana ashike usukani wa Hilux, wewe ukae kushoto umfundishe mpaka awe na leseni na akili ya mlima, biashara iendelee, wewe uendeshe IST mjini. Naiona nzuri ukiitazama haraka, ndiyo maana naiogopa kidogo. Kukaa kiti cha kushoto ukamwona mwanao akikwaruza gia kwenye gari unalolijua kwa sauti kunahitaji subira kuliko klachi yoyote, na umri wa miaka 19 unapenda spidi. Tena magari mawili ni bima mbili, matairi manane, na binti anaendelea kulipa mkopo peke yake. Kama ungechangia kidogo kila msimu wa machungwa, ingekuwa habari nyingine. Wapo pia wanaorudisha zawadi kwa upole, wakasema mwanangu chukua hili litumie wewe Dodoma. Hiyo inawezekana, ila nakuomba usiifanye wiki hii, bampa likiwa bado limeingia ndani, maana atasikia kitu tofauti na unachosema.

Kuna jambo moja sikuliona kwenye barua. Ulisema alhamdulillahi, ulitabasamu kwenye video. Je, umeshamwambia binti asante, yenyewe, bila majirani? Unaweza kumshukuru mtu na bado ukakataa sharti lake. Naona umeyafunga mawili hayo pamoja: kwamba ukishukuru umekubali kuuza, kwa hiyo umenyamaza yote. Yeye huko Dodoma anasikia kimya tu, na kimya cha baba mtoto hukitafsiri vibaya. Mpigie kabla hajaja. Mwambie ulivyolalia karai, acheke. Kisha mwambie la Kisiwani mwenyewe, kabla hajalisikia kwa mama yake, na umuulize aliamuaje bila wewe. Huenda akakujibu kitu kitakachokuudhi. Huenda mkabishana. Afadhali mbishane kwenye simu kuliko kwenye kona za Soni, harusi inawasubiri.

Mfanyabiashara wa machungwa mwambie unahitaji muda. Ameona gari zuri, na mwezi ukiisha atalitaka vilevile. Akiondoka, atakuja mwingine msimu ukianza, Muheza haina uhaba wa watu wa machungwa.

Ukishaongea na binti niandikie, hata kama mambo yameenda kombo. Na jirani yako wa mihogo, karai lake ulilipa? Barua haisemi.

Shangazi